Tupeane uzoefu: jaribio la t linakwamia wapi?

Wadau, uzi huu ni wa wanaoanza takwimu za saikolojia. Jaribio la t hupima kama tofauti ya wastani ni kubwa kuliko ile inayoweza kuletwa na bahati tu. Anayechangia aje na hatua au kosa mahususi, zile za "soma kwa bidii utaelewa" tuziache. Ili tuongee kitu kimoja, tutumie data aliyoitumia William Gosset mwaka 1908, yule wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, aliyekuwa akiandika kwa jina la "Student". Wagonjwa 10 wa hospitali ya akili ya Kalamazoo, Michigan, kila mmoja kajaribiwa dawa zote mbili za usingizi. Namba ni saa za usingizi zilizoongezeka. Zenye alama ya kutoa zimepungua.

A: 0.7, -1.6, -0.2, -1.2, -0.1, 3.4, 3.7, 0.8, 0.0, 2.0
B: 1.9, 0.8, 1.1, 0.1, -0.1, 4.4, 5.5, 1.6, 4.6, 3.4

Mchangiaji 1
Kabla ya kushika kikokotoo, jiulize: namba ya kwanza ya A ina mwenzake kule B? Hapa anaye, ni mgonjwa yuleyule. Basi ni jaribio la t la jozi. Nadharia tete sifuri: kwa wagonjwa wa aina hii kwa jumla, wastani wa tofauti B kutoa A ni 0. Inahusu jamii nzima, siyo hawa 10; wastani wa hawa unauona kwa macho, hauhitaji kupimwa.

Toa mstari kwa mstari: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6, 1.4. Jumla 15.8, wastani 1.58. Mchepuko sanifu wa tofauti hizo (kipimo cha jinsi zinavyotawanyika kuzunguka wastani) ni 1.23. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 10 upate kosa sanifu (kiasi ambacho wastani wa sampuli huyumba kwa kawaida), 0.389. Kisha 1.58 ÷ 0.389 = 4.06, hiyo ndiyo t. Digrii za uhuru 9 (jozi 10 kutoa 1), jedwali la mikia miwili (tofauti ya upande wowote) kwa alfa ya 0.05 (hatari ya kukosea tunayokubali) linasema 2.262. Tumevuka, tunakataa nadharia sifuri.

Ukipata 4.28, umegawanya kwa 10 badala ya 9 ulipotafuta mchepuko. Kwenye kikokotoo umebonyeza σ (mchepuko wa jamii nzima) mahali pa s (wa sampuli).

Mchangiaji 2
Sasa zichukulie namba hizohizo kama makundi mawili ya watu tofauti, uone kinachotokea. Tofauti ya wastani ni ileile 1.58, lakini kosa sanifu linapanda hadi 0.849, t inashuka hadi 1.86. Kwa digrii 18 (namba 20 kutoa makundi 2) unahitaji 2.101. Umekosa!

Sababu ipo kwenye data. Mgonjwa wa 7 ana 3.7 na 5.5, wa 2 ana -1.6 na 0.8. Wanaachana sana wao kwa wao, na kelele hiyo inaingia yote kwenye kosa sanifu. Ukitoa jozi kwa jozi, kila mtu analinganishwa na nafsi yake, kelele inaondoka.

Na hapa ndipo wengi hujidanganya: 1.86 haivuki mikia miwili, ila mkia mmoja (unapotarajia tofauti ya upande mmoja tu) kwa digrii 18 ni 1.734. Mtu akishaona majibu, anahamia mkia mmoja. Huo ni wizi. Mkia unachaguliwa kabla ya data.

Mchangiaji 3
Thamani ya p ya jozi ni 0.0028. Maana yake: kama nadharia sifuri ingekuwa kweli, t ya 4.06 au iliyo mbali zaidi na 0, upande wowote, ingetokea kama mara 28 katika sampuli 10,000. Haisemi kwamba nadharia sifuri ina nafasi ya 0.28% ya kuwa kweli. Na p ikizidi 0.05, andika "tumeshindwa kuikataa", usiandike "tumethibitisha hakuna tofauti".

Mchangiaji 4
Kosa jingine: kupima kila dawa peke yake dhidi ya 0. A inatoa t 1.33, haivuki, B inatoa 3.68, inavuka. Halafu mtu anahitimisha kwamba dawa zinatofautiana. Hajazilinganisha bado.

Mchangiaji 5
Vipi yule wa 9 mwenye 4.6? Si ndiye anayeibeba t?

Mchangiaji 1
Kinyume chake, mkuu. Mwondoe: wastani unashuka hadi 1.24, lakini mchepuko unashuka zaidi, hadi 0.66, na t inapanda hadi 5.66. Namba ya mbali huvuta juu na chini ya mstari wa kugawanya kwa pamoja. Usimfute kwa sababu hiyo. Toa matokeo yote mawili.

Mchangiaji 6
Upande wa programu: kwenye T.TEST ya Excel tarakimu ya mwisho ni 1 kwa jozi, 2 kwa makundi yenye varyansi (mchepuko sanifu kipeo cha pili) sawa, 3 kwa zisizo sawa. Inakupa p tu, t haikupi. Programu ya R usipoiambia kitu inachukulia ni makundi mawili na kutumia njia ya Welch, isiyodai varyansi ziwe sawa, ndiyo maana digrii zinakuja 17.78, haijaharibika. Programu ya SPSS ikionyesha .000, andika p < .001.

Ripoti ya data hii: t(9) = 4.06, p = .003, d = 1.28 (ukubwa wa athari: wastani wa tofauti ÷ mchepuko wake), kadirio la tofauti saa 0.70 hadi 2.46 kwa uhakika wa 95%. Msahihishaji huanza na ile 9. Akikuta t(18) kwa wagonjwa 10, anajua jozi zilivunjwa.