Shahamu ya ng'ombe, mawese au alizeti: mafuta gani ya kukaangia chipsi?

Kisu_Kikali
Wakuu, habari za saa hizi. Nataka kufungua kibanda cha chipsi na kuku wa kukaanga, ila kwenye mafuta nimekwama. Mtandaoni kila mtu ana lake. Huyu anasema mafuta ya mbegu ni sumu, turudi kwenye shahamu ya ng'ombe. Yule anasema shahamu inaziba mishipa. Mawese nayo yana wapenzi wake. Nilinganishieni kwa hoja, ushabiki tuuache kwenye mpira.

Bi_Mkaango
Kwa ladha, shahamu haina mpinzani. Hadi 1990 McDonald's wa Marekani walikaangia chipsi zao mchanganyiko ambao asilimia 93 ulikuwa shahamu ya ng'ombe, iliyobaki mafuta ya pamba. Waliozila hadi leo wanazitaja. Kasoro yake, chipsi zikipoa mafuta yanaganda na kuacha utando kwenye kaakaa. Nyingine: kuna wateja hawali ng'ombe kwa sababu za dini au hawali nyama kabisa, na lazima waambiwe. Kampuni hiyohiyo mwaka 2002 ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza kesi, kwa sababu chipsi zilizosemwa ni za mafuta ya mimea zilikuwa na kiungo cha ladha chenye asili ya ng'ombe.

Mwanalishe
Bi Mkaango, malizia hadithi basi. Walioiacha shahamu walihamia wapi?

Presha ilitoka kwa Phil Sokolof, mfanyabiashara wa Omaha aliyewahi kupata mshtuko wa moyo. Alilipia kwa pesa zake matangazo ya ukurasa mzima magazetini kuzishambulia kampuni za chakula. McDonald's wakabadili mafuta. Lakini yaliyotumika sana kwenye vikaango miaka hiyo yalikuwa mafuta ya mimea yaliyopitishiwa hidrojeni nusunusu ili yadumu, na humo ndimo mafuta ya trans yanapozaliwa. Hayo yanapandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri kwa mpigo. Shahamu angalau haina mchezo huo wa pande mbili.

Denmark iliyabana mwaka 2003: yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Jiji la New York likapitisha marufuku kwa migahawa mwaka 2006, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaamua mwaka 2015 kwamba mafuta hayo ya nusu hidrojeni hayahesabiki tena kuwa salama. Kwa hiyo mtu akikwambia "mafuta ya mbegu yametumaliza", muulize ni yapi. Wengi wanatwika alizeti ya leo madhambi ya mafuta yale yaliyogandishwa kiwandani.

Sina_Upande
Mkuu, usitupitishe haraka hivyo. Kuna jaribio la Minnesota, Marekani, 1968 hadi 1973, lililofanywa kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini. Waliobadilishiwa mafuta yanayoganda yenyewe (saturated, kama ya shahamu) wakapewa ya mahindi, kolesteroli ilishuka, vifo havikupungua. Takwimu zake zilichambuliwa upya na kuchapishwa 2016. Hilo unalisemaje?

Mwanalishe
Nasema lisomwe lote. Wengi walitoka hospitalini mapema, ni kama robo tu waliofuatiliwa mwaka mzima au zaidi. Uchambuzi wa 2020 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za afya, uliojumlisha majaribio mengi, ulikuta kupunguza mafuta yanayoganda kwa miaka miwili au zaidi kunapunguza matukio ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 17. Kwenye vifo kwa jumla tofauti haikuonekana wazi, hapo nakubaliana nawe. Shahamu na mawese, nusu yake hivi ni mafuta ya aina hiyo.

Fundi_Karai
Mnabishana kuhusu mafuta yakiwa dukani. Mimi nayajua yakiwa kwenye karai saa kumi jioni.

Alizeti ya kawaida ina linoleiki nyingi, asidi ya mafuta isiyovumilia joto, kwa hiyo inaharibika upesi. Tazama kingo za kikaango: ule ulimbo wa kahawia unaonata, sabuni haiutoi, ni mafuta yaliyooksidika yakashikana. Mawese yanavumilia. Shahamu inavumilia. Ila kuna alizeti ya oleiki nyingi (asidi ya mafuta inayovumilia joto zaidi), yenye oleiki kama asilimia 80, nayo inavumilia bila kukuletea mafuta yanayoganda mengi. Mimi ndiyo naitumia.

Na msidanganyike na joto la kutoa moshi linaloandikwa kwenye dumu. Hilo ni la mafuta mapya. Kila ukikaanga linashuka.

Dalili za mafuta yaliyochoka: povu dogodogo la manjano lisilopasuka hata ukishaopoa chipsi, harufu kali, mafuta mazito. Ujerumani na Ufaransa wanapima kabisa vitu vinavyozalishwa mafuta yakichakaa; Ufaransa yakizidi asilimia 25 unamwaga.

Kisu_Kikali
Na unene je? Kuna yenye nguvu kidogo?

Mwanalishe
Hakuna. Gramu moja ya mafuta yoyote ni kilokalori 9, ya ng'ombe au ya mzeituni. Wala akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, haikwepeki kwa kubadili dumu, inatokana na kiazi chenyewe na joto. Kanuni ya Ulaya ya 2017 inataka ukaange chini ya nyuzi 175, na chipsi zitoke rangi ya dhahabu, zisifike kahawia.

Bi_Mkaango
Sawa, madaktari. Mkifungua kibanda cha shahamu mniite.

Kisu_Kikali
Naanza na alizeti ya oleiki. Fundi, kuchuja nifanyeje?

Fundi_Karai
Makombo yaopoe kwa chujio la waya kila baada ya awamu, yakiungua ndiyo yanayoharibu mafuta. Usiku zima, subiri yapoe kiasi, yapitishe kwenye karatasi ya kuchujia, funika. Chumvi usiinyunyize juu ya karai, na viazi vikaushe maji kabla havijaingia.