Mrejesho: yule mganga anayejigeuza simba

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita niliomba msaada kuhusu mchezo wetu wa mezani, wa kuigiza wahusika kwa hadithi na dadu, tunaocheza watu watano hapa Shangani, Mtwara. Mmoja wetu ni mganga wa ngazi ya 8 anayejigeuza mnyama. Kwa kanuni za Dungeons & Dragons za 2014, akigeuka simba anapata pointi 26 mpya za uhai, na anaweza kugeuka mara mbili kabla ya kupumzika. Alikuwa haangushiki, wenzake wakawa watazamaji.

Nawashukuru sana. Nilifuata ushauri wenu wa kuchukua kanuni ya toleo la 2024 la mchezo huo: anabaki na uhai wake mwenyewe, akigeuka anaongezewa pointi za muda sawa na ngazi yake, yaani 8. Jumamosi alivuka mto akiwa simba, akaumwa na mamba, pointi zake za uhai zikashuka hadi 3. Mezani kimya! Dada anayecheza mpiga upinde ndiye aliyemwokoa, na alifurahi mno.

Kadi za wanyama pia zimesaidia. Tulikata maboksi, tukaandika hesabu za kila mnyama mapema, hakuna tena kupekua kurasa katikati ya pambano.

Ule ushauri wa mganga kurusha dadu ili arudi kuwa mtu umegoma. Alikwama kwenye umbo la kenge raundi nne, akakata tamaa. Tumeuacha.

Bado umbo la popo linanisumbua: mganga akigeuka popo anaruka peke yake kupeleleza, wengine wanasubiri. Nimeanza kuwapa kazi yao wakati huohuo, na kidogo kunaenda.