Uliambiwa "bado mdogo" ulipopeleka uvimbe wa titi? Tupeane uzoefu

Siku171
Wadau, habari zenu. Nina miaka 34, kemo, yaani dawa za kansa ya titi, nilimaliza miaka miwili iliyopita. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya maneno mawili niliyoambiwa na watu watatu: bado mdogo.

Nilikuwa naoga. Mkono wenye povu ukateleza upande wa nje wa titi la kushoto, karibu na kwapa, ukapita juu ya kitu kama punje ya dengu. Kigumu, hakiumi. Kutouma ndiko kulikonituliza, maana nilijua kansa lazima iume. Dada akasema bado mdogo. Nesi akasema hivyo hivyo. Daktari akabonyeza juu ya blauzi (juu ya blauzi, jamani!) akasema homoni, nirudi baada ya miezi sita. Nilivumilia hadi kikafika ukubwa wa ndimu, nikaenda kwingine.

WHO wanataka majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mtu afike na dalili. Zangu zilikuwa 171, nilizihesabu baadaye kitandani nikiwa sina la kufanya.

Wewe yalikukuta yapi? Akina kaka mliosindikiza nanyi semeni.

MamaWawili
Mimi nilikuwa nanyonyesha. Kila mtu: maziwa yameganda, kanda na kitambaa cha moto. Nikakanda wiki sita, ngozi ikababuka, donge lipo pale pale hata mtoto akishanyonya akashiba. Kumbe ultrasaundi ungefanya tu na mtoto mapajani, na hata mamogramu (picha ya eksirei ya titi) haikatazwi kwa anayenyonyesha. Hilo hakuna aliyeniambia. Nilikutwa hatua ya pili.

Gololi26
Nije na habari njema kidogo. Changu kilikuwa kinakimbia chini ya kidole kama gololi. Wakachukua kinyama kwa sindano, majibu yakaja fibroadenoma, siyo kansa. Kwa umri wetu uvimbe mwingi huwa wa hivyo. Nililia wiki nzima bure, ila sindano siijutii, maana bila hiyo ningekuwa bado nalia.

MtuWaPicha
Nafanya kazi chumba cha mionzi, niseme kidogo. Watu wanachanganya mambo mawili. Ile miaka ya kuanza mamogramu mnayoisikia ni ya mtu ASIYE na dalili. Marekani jopo lao la wataalamu wa kinga mwaka 2009 lilisema 50 kwa wengi, mwaka 2024 likashusha hadi 40, kila baada ya miaka miwili. Aliyegusa uvimbe hayumo kwenye hesabu hiyo kabisa. Huyo anapimwa hata akiwa na 19.

Halafu titi la msichana limejaa tezi, na tezi kwenye mamogramu ni nyeupe. Uvimbe nao mweupe. Unatafuta tui ndani ya maziwa. Ndiyo maana chini ya miaka 30 kwa kawaida tunaanza na ultrasaundi. Ukiambiwa "mamogramu haijaonyesha kitu" na kidole chako bado kinakigusa, kazi haijaisha.

DadaMweusi
Nipo Marekani. Huku wanawake weusi hawaugui kansa ya matiti kuwazidi weupe, lakini wanakufa zaidi, tofauti inakaribia asilimia 40. Pia tunapata kama mara mbili zaidi ile hasi tatu, yaani seli zake hazina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala protini ya HER2 kwa wingi. Inakua haraka, na vidonge vya homoni haviigusi. Yangu ilikuwa hiyo, nikiwa na 37. Mamogramu ya kawaida bima inalipa yote kuanzia 40. Mimi mwenye uvimbe, kwa kuwa vyangu viliitwa vipimo vya uchunguzi wa ugonjwa, nikaletewa bili.

KakaMtu
Shangazi zangu wawili waliondoka na ugonjwa huu kabla ya 50. Dada yangu kila alikokwenda aliulizwa mama, mama wadogo, bibi mzaa mama. Upande wa baba hakuna aliyeuliza, naye hakujua kwamba unahusika. BRCA, ile hitilafu ya jeni inayoongeza hatari ya kansa hii, inapita kwa baba vile vile, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Dada akaugua akiwa na 31. Nikapima, ninayo. Nina mabinti wawili, mkubwa ana tisa.

Mgeni
Samahani, mimi nina 22. Kuna kitu chini ya chuchu ya kulia tangu mwezi wa juzi. Naogopa kuonekana napenda kuugua.

Siku171
Mdogo wangu, umepata hedhi mara ngapi tangu ukiguse, na bado kipo?

Mgeni
Mara mbili. Kipo.

Siku171
Basi nenda kesho. Vua blauzi hata usipoambiwa, mshike daktari kidole umwekee pale pale. Akisema ni homoni, muulize amejuaje bila kipimo. Unaenda saa ngapi?

Mgeni
Saa tatu asubuhi. Nikitoka nitaandika.