Nimealikwa sinagogi Nairobi wikendi ya Shabati, mgeni anapokelewa vipi?

BintiFreretown
Hamjambo jamani. Nina rafiki yangu Myahudi, tulijuana hapa Nyali nikiwa nafanya kazi hotelini, sasa amehamia Nairobi na ameniambia nikipanda huko nishinde nao Shabati, yaani Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi sinagogi halafu chakula kwao nyumbani. Nimefurahi sana lakini nina wasiwasi. Mimi ni Mwanglikana, nimelelewa kanisani, na kanisani kwetu mgeni anasimamishwa ataje jina na anakotoka, watu wanampigia makofi, akitoka nje anasalimiwa na kila mtu. Wao sijui wanafanyaje. Nivae nini? Nikae wapi? Na mamangu ashasema ataniandalia mahamri nibebe kwa sababu kwetu hakuna kuingia kwa mtu mikono mitupu.

Halafu kuna hili lingine ndilo linanisumbua haswa, ameniambia nimtumie picha ya kitambulisho siku kadhaa kabla ndio jina langu liwekwe getini. Nyumba ya ibada yataka kitambulisho? Kama kuna aliyewahi kwenda naomba anieleze vizuri.

KibokoniMtaaWaPili
Dada mimi Muislamu na nimewahi kwenda, mwajiri wangu wa zamani alikuwa na sherehe ya kijana wake kutimiza miaka 13, ndio wanahesabu amebaleghe kidini, siku hiyo anaitwa mbele kusoma Torati. Mavazi ni ya heshima tu, sketi ndefu na mikono iliyofunika, mtandio ukiwa nao si vibaya lakini hulazimishwi. Sisi wanaume lazima kichwa kifunikwe, mlangoni waweka kofia ndogo za kuazima, mimi nilikwenda na kofia yangu ya vito ya hapa Mji wa Kale na ikatosha. Kitabu cha sala kinafunguliwa kutoka kulia kama msahafu kwa hivyo usishangae ukiona unashika mwisho kumbe ndio mwanzo. Na ukinyoosha mkono kumsalimia mwanamume akaweka wake kifuani usimchukie, wako wasioshika mkono wa asiyekuwa maharimu wao, si jambo geni kwetu hapa pwani hilo. Sema "Shabat shalom" na kila mtu atakujibu.

Ndugu_wa_Magongo
Dada nimezaliwa Magongo ila niko Nairobi muda mrefu na nahudhuria sinagogi, kwa hivyo nikueleze kwa utaratibu manake swali lako la kitambulisho ndilo la maana kuliko yote na watu wengi huumia nalo wakanyamaza.

Wewe ni mtoto wa Mombasa, Kikambala waikumbuka au umeisikia kwa wakubwa wako. Tarehe 28 Novemba 2002 wageni kutoka Israeli wamefika tu hotelini, wacheza ngoma wetu wako pale mapokezi wanawalaki, gari la bomu likaingia. Walikufa Wakenya 10 na Waisraeli 3, na miongoni mwa hao Wakenya wamo hao hao wacheza ngoma. Wamekufa wakikaribisha wageni! Na Marekani, Pittsburgh, mwaka wa 2018 mtu aliingia na bunduki sinagogi asubuhi ya Shabati akaua watu 11. Sasa mtu aliyepitia hayo akikuuliza wewe ni nani kabla hajafungua geti, hakufukuzi. Tuma hiyo picha mapema, siku ya safari beba kitambulisho chenyewe, mkoba uwe mdogo, na mwambie rafiki yako akungojee nje muingie pamoja. Ukifika mwenyewe askari atafanya kazi yake na utajihisi mshukiwa, lakini ukiingia na mwenyeji yale maswali yanaisha kwa dakika moja.

Kuna swali lingine la mlangoni linalowachoma watu, nalo ni "wewe ni Myahudi?" Hili lina sababu yake kabisa. Zipo sala ambazo haziwezi kusaliwa mpaka watimie watu wazima 10, wanaita minyani, na kwa wale wa Othodoksi, Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali zaidi, wanahesabiwa wanaume peke yao. Torati haisomwi kwa umma bila hao kumi, na aliyefiwa hawezi kusema kadishi, ile sala yake ya maombolezo. Jamii ni ndogo, Nairobi wako tangu enzi za ukoloni, jiwe la msingi la sinagogi ya kwanza liliwekwa 1912, lakini hawajawahi kuwa watu wengi. Kwa hivyo mgeni akitokea mlangoni wao wako tisa na kuna mtu amefiwa na babake, unafikiri wanamtazama vipi? Wanamtazama kwa hamu! Mtalii aliyekuja kuona simba anaweza kuwa ndiye mtu wa kumi. Wewe jibu tu "hapana, mimi ni mgeni wa fulani" na mambo yanaendelea, hakuna atakayekuvuta uingie dini, wao hawatafuti waumini, hata anayetaka mwenyewe huwa anarudishwa rudishwa kwanza na masomo yanachukua muda mrefu.

Mahamri, mwambie mama ashukuriwe lakini asipike. Chakula kilichopikwa jiko lisilofuata sheria zao hakiwezi kuingia mezani kwao hata kikiwa kitamu vipi, na rafiki yako ataona haya kukukatalia. Peleka maua, au matunda mazima ambayo hayajakatwa, maembe yetu haya ya ngowe, utakuwa umewaletea kitu cha maana. Ila yafike Ijumaa kabla jua halijazama, kwa sababu Shabati ikiingia wako wasiobeba kitu njiani. Kwa hiyo treni chukua ya asubuhi, kutoka Syokimau mpaka mjini na foleni ya Ijumaa unaijua. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama, hapo simu zima kabisa, sio kimya, ZIMA, picha hakuna, kuandika hakuna. Sadaka pia hakuna, pesa haishikwi siku hiyo kwa hivyo usitafute kapu.

Ndani, ikiwa wanakaa wanawake mbali na wanaume utaonyeshwa upande wako. Wakisimama simama, haswa sanduku la Torati, lile kabati la mbele lenye magombo yake, likifunguliwa, lakini si lazima uiname wala utamke usichoamini. Utapotea kurasa, hata wenyewe wanapotea, muulize aliye karibu nawe. Jumamosi asubuhi ni saa mbili tatu hivi na wenyeji wengi hufika ibada ishaanza, ukienda mapema sana utakuta ukumbi mtupu udhani umesuswa. Baadaye kuna kidushi, wanabariki divai wanakula pamoja, na hapo usijimiminie divai, acha mwenyeji akumiminie, kuna sheria zao kuhusu nani ashike chupa. Maji ya zabibu huwa yapo pia.

Na hapo kwenye kidushi ndipo utakapokaribishwa dada. Makofi hutayapata. Utapata mtu atakuuliza umekula? Umekaa wapi? Jumamosi mchana una pa kwenda?

MamaTudor
Ndugu wa Magongo umeeleza vizuri na ya usalama nakubaliana nawe kabisa, Kikambala siisahau, lakini naona umewapunguzia wenyeji mzigo. Mimi nilikuwa nje miaka kadhaa, sitataja mji, nikapelekwa sinagogi na mwenye nyumba wangu halafu yeye akaitwa mbele. Nimeachwa na kitabu sijui nianzie wapi, mwanamke wa kulia kwangu ananiona, wa kushoto ananiona, hakuna aliyenifungulia ukurasa. Kwenye chai nao wamekusanyika wanaojuana. Hakuna aliyenitukana wala kunisukuma, ila nilirudi nyumbani na donge. Na hawa ni watu ambao babu yao ni Ibrahimu! Mwanzo sura ya 18, mzee ameketi mlangoni mwa hema jua kali, akaona watu watatu, akakimbia. Alikimbia, hakungoja waje wajieleze. Na Walawi 19:34 imesema mgeni umpende kama nafsi yako. Sasa mgeni aambiwe ajue sheria zote hizi za simu na divai na maembe, na mwenyeji yeye aambiwe nini?

Ndugu_wa_Magongo
Mama nakuheshimu na una haki. Wahenga wao wamefika mbali zaidi, wanasema Ibrahimu wakati ule alikuwa na Mungu mwenyewe amemtokea, akamwomba angoje ili awakimbilie wageni, wakatoa hukumu kwamba kukaribisha wageni ni kukubwa kuliko kuupokea uso wa Mungu. Kwa hiyo yule wa kulia kwako alikosa. Huwa naona kila mtu anafikiri kazi hiyo ni ya rabi, yule kiongozi wa dini, na rabi yuko mbele hawezi kushuka kufungulia watu kurasa. Ni ya aliyekaa karibu. Na mtu asiambiwe tu "karibu kwetu siku moja", aambiwe "njoo leo, chakula kipo".

NilisomaMbale
Niongeze kidogo. Nilisoma Mbale upande wa Uganda na kule kuna Abayudaya, Wayahudi Waganda, kilima cha Nabugoye. Walianza 1919 na Semei Kakungulu, alikuwa kiongozi mkubwa wa kivita, akaisoma Biblia akaamua kuifuata Torati. Na mambo mengi ya kalenda na vyakula walifundishwa na Myahudi mmoja mgeni aliyepita kule 1920, wanamtaja kwa jina la Yosef, akakaa nao miezi akawafunza. Angefukuzwa yule mgeni ingekuwaje? Halafu Amin akapiga marufuku dini yao, wakapungua sana, lakini waliobaki hawakuiacha. Nimekwenda Ijumaa kadhaa, wanaimba Kiebrania na Kiganda, wanawake na wanaume tulikaa pamoja, kwa hivyo BintiFreretown usidhani sinagogi zote ni sawa, muulize rafiki yako ya kwao ikoje. Mimi nilipewa mtoto wa darasa la sita akae nami anionyeshe ukurasa, na alikuwa mkali nikikosea.

BintiFreretown
Nimesoma yote, ahsanteni sana, wa Magongo ubarikiwe, picha nishatuma na mama nimemweleza, amenuna kidogo lakini maembe atayachagua mwenyewe Kongowea. Mama Tudor pole kwa yaliyokupata. Swali la mwisho, nina kijana wangu wa miaka minane, rafiki yangu amesema nije naye lakini huyu hatulii hata kanisani, nimwache kwa bibi yake?

Ndugu_wa_Magongo
Mlete. Jina lake pia litumwe getini, wengi husahau la mtoto. Watoto kule wanaingia na kutoka, hakuna anayewakodolea macho, wewe kaa naye karibu na mlango, akichoka mtoke mrudi, mradi msipite wakati sanduku limefunguliwa. Michezo ya simu asahau mpaka Jumamosi usiku nyota zitoke, kwa hiyo mbebee kitabu cha hadithi, kalamu za rangi usibebe. Na mwambie mapema, Ijumaa usiku mezani wazazi huwawekea watoto wao mikono kichwani wakawabariki mmoja mmoja, baba wa nyumba akimuuliza kama naye ataka, ajibu anavyotaka mwenyewe.