Sukari 31, HbA1c 6.4%: maabara imekosea?

Zamu ya Usiku: Wakuu, naombeni ushauri. Mgonjwa wa kike, miaka 34, kilo 60, hana historia ya kisukari. Alianza na homa na mafua, na sasa ni siku ya nne ya kiu kali, kukojoa sana na kutapika. Sukari 31 mmol/L, ketoni (mabaki ya mafuta yanayochomwa mwili ukikosa insulini) kwenye mkojo +++, anahema kwa nguvu. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu) imerudi 6.4%, haijafika kiwango cha kisukari. Wapo wanaosema sukari imepandishwa na homa tu, wapo wanaosema maabara imekosea. Nishike lipi?

Tabibu Mkongwe: HbA1c iweke kando, tibu asidi ya ketoni kwenye damu sasa hivi. Dripu ya chumvi 0.9%, lita 1 saa ya kwanza kama moyo na figo vinaruhusu. Potasiamu ipimwe kabla ya insulini. Ikiwa chini ya 3.5 mmol/L irudishe kwanza, kwa sababu insulini huisukuma ndani ya seli na mapigo ya moyo yakavurugika. Ikiwa sawa, insulini ya muda mfupi uniti 0.1 kwa kilo kwa saa, kwake ni uniti 6. Sukari ikishuka chini ya 14 ongeza dripu ya dekstrosi, insulini usiikate. Ketoni huchelewa kuisha kuliko sukari, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaona sukari nzuri, wanafunga insulini, asubuhi asidi imerudi.

Meza ya Maabara: Hiyo 6.4% inaweza kuwa sahihi kabisa. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi; sukari iliyolipuka wiki hii haijapata muda wa kunata kwenye himoglobini. Wajapani walieleza kisukari cha aina ya kwanza cha kasi hii (fulminant) mwaka 2000. Vigezo vyao vya 2012: ketoni ndani ya siku 7 hivi tangu dalili za sukari, sukari 16 au zaidi, HbA1c chini ya 8.7%, na C-peptidi (huonyesha kongosho linatoa insulini kiasi gani) ya kabla ya kula chini ya 0.3 ng/mL. Kwako kimebaki hicho cha mwisho. Ila muulize kuhusu selimundu, kuongezewa damu na malaria ya karibuni, maana hivyo hushusha HbA1c hata kwa mwenye kisukari cha siku nyingi.

Zamu ya Usiku: Asante sana. Amilesi (kimeng'enya cha kongosho) nayo iko juu. Ni uvimbe wa kongosho? Na nitume kipimo cha GAD, kingamwili za kisukari cha aina ya kwanza?

Tabibu Mkongwe: Amilesi hupanda kwa wengi wenye aina hii, hata asidi peke yake huipandisha. Tumbo likiuma sana, piga ultrasaundi. Kingamwili za GAD mara nyingi hutoka hasi hapa, kwa hiyo jibu hasi lisikufanye umwandikie vidonge vya metformini badala ya insulini na kumruhusu. Pima ujauzito leo leo, na uliza kama amejifungua karibuni: ugonjwa huu huwapata wajawazito, na mtoto tumboni yuko hatarini sana. Uliza pia dawa za saratani za kuamsha kinga, kama nivolumab.

Meza ya Maabara: C-peptidi itolewe sampuli moja na sukari, kisha irudiwe baada ya wiki kadhaa, kwani sukari ya juu mno huweza kulizimisha kongosho kwa muda.

Tabibu Mkongwe: Na akianza kula, insulini ya muda mrefu ichomwe saa 1 hadi 2 kabla ya kufunga ile ya mshipani.