Naomba ushauri: mwanakwaya wetu ametengwa, niendelee kwenda kwake?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni katibu wa kwaya. Binti mmoja wa sauti ya pili amepata mimba nje ya ndoa, wazee wa kanisa wakamtenga. Sare yake aliirudisha imefuliwa, imepigwa pasi, na tangu siku hiyo hakuna aliyebisha hodi kwake. Nilimpelekea unga na sukari. Mzee mmoja akaniambia nabariki dhambi. Yeye anashika 1 Wakorintho 5, ambapo Paulo anaagiza mwenye dhambi ya zinaa aondolewe kanisani. Lakini Paulo huyohuyo, 2 Wakorintho 2, anataka aliyeadhibiwa asamehewe na kufarijiwa, asije akamezwa na huzuni. (Kijana aliyempa mimba bado anapiga kinanda kila Jumapili, hilo halisemwi.) Amebakiza miezi miwili kujifungua. Makanisani kwenu mnafanyaje? Niendelee kwenda, au nisubiri hadi arudi kundini?