Naomba ushauri: niombe nyongeza gani kwenye diski za katuni za zamani?

Wakuu, habari za saa hizi. Nakusanya filamu za katuni za zamani na hapa nimekwama. Moja niipendayo sana imetolewa upya kwa Blu-ray. Picha inang'aa kweli, ila nyongeza zilizokuwa kwenye DVD ya kwanza wameziondoa karibu zote. Nimewaandikia wasambazaji mara mbili. Mara ya pili wakajibu nitaje vitu vitatu tu, watavifikiria.

Cha kwanza sina mjadala nacho: vipande vilivyokatwa, hata kama vimebaki kwa penseli. Aliyekiona kile cha mbilikimo wakinywa supu, alichochora Ward Kimball kwa ajili ya Snow White (1937) kisha kikaachwa nje, atanielewa. Mistari inatetemeka, rangi hakuna, na bado unacheka. Cha pili ni maelezo ya wachoraji yanayosikika filamu ikiendelea, ingawa wengi walishafariki, kwa hiyo itabidi waunganishe mahojiano ya zamani. Trela na vile vimichezo vya kubonyeza rimoti sivitaki hata bure.

Sasa cha tatu: niombe sauti ya asili ya mono (ya mkondo mmoja), au picha kabla haijasafishwa? Nauliza kwa sababu usafishaji ukizidi hufuta hata mistari ya mchoraji.

Na lingine, DVD yangu imeanza kugandaganda katikati. Nimeifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, wapi. Kuna njia ya kuokoa zile nyongeza kabla haijafa kabisa?